Kifungo Mfukoni mwa Mshukiwa

Iko aina ya riwaya ambayo washairi wenzangu hawaitaji ila kwa kuibeza: ile inayochanganya mapenzi na upelelezi. Mimi huisoma kalamu mkononi, kwani tafsiri imenifunza kutodharau maandishi yanayoijua kazi yake. Iliyonikaa zaidi ni "Naked in Death", aliyoitoa Mmarekani Nora Roberts mwaka 1995 kwa jina la J.D. Robb.

Mambo yanatokea New York ya mwaka 2058. Wanawake wanaouza miili yao kwa leseni wanauawa kwa bastola za kale, na penye maiti ya kwanza imeachwa karatasi inayoarifu kuwa huyo ni mmoja kati ya sita. Mpelelezi ni Luteni Eve Dallas. Miongoni mwa washukiwa yumo Roarke, tajiri mwenye jina moja tu, mkusanyaji wa silaha za aina hiyohiyo. Na ni kwake huyo moyo wa Eve unakoelekea.

Sisi wa pwani tumelelewa na Bwana Msa. Tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla, mwaka 1960, mpelelezi wetu ni mtu wa kiko na fikra. Moyo wake hauulizwi. Eve hana stara hiyo. Aliokotwa mjini Dallas akiwa na miaka minane, hana hata jina, baada ya mateso ya baba yake mzazi. Kumsaka muuaji ni kazi aliyoizoea. Kumwamini mwanamume ndiyo hatari hasa.

Kurasa nyingine zimeandikwa kwa pupa, na vitanda vimezidi haja. Lakini pana mahali nimepafasiri mara nyingi, na bado hapajatulia. Kifungo cha kijivu kinadondoka kwenye suti ya Eve. Roarke anakitia mfukoni na kukaa nacho, kama mpelelezi atunzaye ushahidi. Kwa Kiingereza ni kitu cha nguo, basi. Kiswahili kinaongeza jela: mshukiwa anatembea na kifungo chake, kwa hiari yake, na mwandishi hana habari.

Nikiandika "kishikizo", ninakuwa mwaminifu kwa mwenye kitabu, na mlango unafungwa. Nikiandika "kifungo", ninamsemesha asilolisema. Lakini mapenzi ya wawili hawa, jinsi niyaonavyo, yamo humo humo. Katika rasimu ya mwisho nimeandika "kifungo", na sikuweka maelezo chini ya ukurasa.