Merikebu ya Pili

Wengi wetu tukisikia habari za Wagiriki wa kale tunafikiri nyumba za mawe zenye nguzo ndefu, ao michezo ya Olimpia, ao majina magumu ya wenye hekima. Katika seminari tulifundishwa mambo hayo yote, na mengi tumekwisha kuyasahau. Lakini habari moja haikutoka kichwani mwetu. Padri mmoja mzee alitusimulia mchana wa joto, nusu ya darasa wakisinzia. Hatukujua kwamba miaka mingi baadaye, sisi tukiwa katekista mwenye mke na watoto, habari hiyo itatutoa kitandani usiku. Leo tunataka kuwaandikia habari yenyewe, kisha tutasema sababu.

Kwanza tujue watu hao walikuwa watu gani. Wagiriki wa kale hawakuwa na mfalme mmoja wala serikali moja. Nchi yao ni ya milima na bahari: bonde hapa, kisiwa pale. Kila mji ulijitawala wenyewe, pamoja na mashamba yake: Athene, Sparta, Korintho, Thebes, na mamia ya miji mingine. Kilichowaunganisha ni lugha yao, miungu yao, na michezo ya Olimpia, ambayo kwa desturi husemwa ilianza mwaka 776 kabla ya Kristu. Mtu asiyejua kigiriki walimwita barbaros, kwani masikio yao yalisikia «bar-bar-bar» tu. Tusiwacheke. Sisi nasi tunajua kuigiza lugha ya jirani ili watoto wacheke.

Mji wa Athene ulikuwa na desturi ya pekee. Karibu na mwaka 508 kabla ya Kristu, mkubwa mmoja jina lake Cleisthenes aliupanga upya, na tangu hapo raia wenyewe wakazidi kuwa na nguvu. Walikutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx, chini ya anga tupu. Mpiga mbiu aliuliza nani anataka kusema, na raia ye yote aliweza kusimama, fundi wa viatu sawa na mwenye mashamba. Wakiisha kusikia, walinyosha mikono, na mikono iliyozidi ndiyo iliyoamua. Kazi nyingi za serikali waligawanya kwa kura ya bahati, ili matajiri wasizishike peke yao. Mkutano huo waliuita ekklesia. Angalieni neno hilo! Ndilo neno ambalo Mitume walilitwaa, na leo tunasema Eklezia.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na neno katika mkutano huo, wala wageni, wala watumwa. Na watumwa walikuwa wengi sana: wengine walichimba fedha chini ya ardhi katika machimbo ya Laurion, na fedha hiyo iliujenga mji. Waathene walipigania uhuru wao kwa ushujaa mbele ya Waajemi, huko Marathon mwaka 490 na baharini huko Salamis mwaka 480. Kisha wenyewe wakageuka kuwa mabwana wa wenzao. Visiwa vilivyokuwa rafiki zao vilianza kulipa kodi, na kisiwa kilichokataa kilipigwa. Mwaka 447 wakaanza kujenga Parthenon, ile nyumba ya mungu-mke Athena ambayo nguzo zake zimesimama hata leo.

Mwaka 431 vita vikubwa vilianza kati ya Athene na Sparta. Watu wa mashambani wakakimbilia ndani ya kuta za mji, wakasongamana, na mwaka uliofuata ugonjwa wa kuambukiza ukaingia, ukaua watu wengi mno. Mwaka 429 ukamwua hata Pericles, kiongozi wao mkuu. Basi fikirini mioyo ya watu hao: wamezika watoto, wamechoka, wanaogopa. Ndipo wakapata habari kwamba mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, umeasi.

Mwaka 427 Mytilene ulishindwa. Jemadari Paches aliushika mji, akangoja amri kutoka Athene. Raia wakakutana kilimani wakiwa na hasira kali. Mtu jina lake Cleon, mwenye sauti iliyopendwa na wengi, aliwashauri, nao wakakubali: wanaume wote wa Mytilene wauawe, waliofanya kosa na wasiofanya, na wake zao na watoto wao wafanywe watumwa. Siku ile ile merikebu ya vita ikatumwa kupeleka amri hiyo kwa Paches.

Usiku ukapita. Asubuhi watu wa Athene waliamka na mioyo mingine. Wakaanza kusema wao kwa wao: Je, tumeamua kuua mji mzima? Wajumbe wa Mytilene waliokuwa pale waliona hayo, wakawasihi wakubwa waite mkutano tena.

Cleon akasimama, akakasirika. Alisema kwamba mji unaogeuza neno lake kila siku hauwezi kutawala, na huruma itawaangamiza. Baada yake akasimama mtu mwingine, Diodotus, mwana wa Eucrates. Huyu hakulia wala hakuwabembeleza. Alisema kwamba mambo mawili hushindana na shauri jema: haraka na hasira. Akawauliza: mkiwaua hata wasio na kosa, mji mwingine ukiasi kesho utajitoa kwa sababu gani, nao unajua kwamba ukijitoa ao usijitoe, kufa ni kule kule? Wakanyosha mikono. Mikono ilikaribia kuwa sawasawa, lakini Diodotus akashinda.

Sasa ilikuwa kazi ya wapiga makasia. Merikebu ya kwanza ilikuwa imetangulia karibu mchana mmoja na usiku mmoja, na safari ni zaidi ya kilomita 300. Merikebu ya namna ile ilikuwa na wapiga makasia 170, katika safu tatu. Wajumbe wa Mytilene wakawapa divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakifika kwa wakati. Watu hao walikula huku mikono ikivuta kasia, unga uliokandwa kwa divai na mafuta. Walilala kwa zamu, wengine wakilala, wengine wakivuta. Kwa bahati upepo haukuwapinga. Na merikebu ya kwanza ilikwenda polepole, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kupeleka amri mbaya kama ile. Ilifika, Paches akaisoma barua, akawa karibu kuitimiza. Ndipo merikebu ya pili ikaingia bandarini, na mji ukapona.

Ukapona, lakini si wote. Wale waliohesabiwa kuwa wakubwa wa maasi waliuawa baadaye kwa shauri la Cleon, watu zaidi ya 1,000. Kuta za mji zikabomolewa, na mashamba yakagawiwa raia wa Athene.

Habari hii iliandikwa na Thucydides, naye mwenyewe alikuwa Mwathene na jemadari, ambaye baadaye mji wake ulimfukuza kwa miaka 20. Hakuficha aibu ya watu wake. Ameandika vile vile habari za kisiwa cha Melos, ambacho katika baridi ya mwaka 416 kiliadhibiwa namna ile ile: wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa. Safari hii hakuna merikebu ya pili iliyotumwa. Na mwaka 406, baada ya kushinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae, raia wa Athene waliwahukumu majemadari wao wanane kwa neno moja, kwa kuwa hawakuwaokoa mabaharia waliozama wakati wa dhoruba. Katika wale waliosimamia mkutano, Socrates alikataa kabisa kuvunja sheria, watu wakipiga kelele. Majemadari sita waliokuwapo mjini wakauawa. Haukupita muda mrefu, mji ukajuta. Lakini ni merikebu gani iwezayo kuwafikia waliokwisha kufa?

Sasa tuseme sababu ya kuwaandikia haya.

Mwaka mmoja surua iliingia katika kijiji tunamofundisha. Katika mwezi mmoja watoto watatu walikufa. Watu wakaanza kumtazama mama mmoja mzee, mjane, asiye na mtoto hai, anayeuza sombe na pilipili kando ya njia. Mnajua namna mambo hayo yanavyokwenda: neno moja kisimani, neno jingine penye pombe, na siku ya tatu ni hakika. Dimanshi, baada ya sala, watu wakakutana chini ya mwembe. Vijana walipaza sauti. Mikono ikanyoshwa: mlozi huyu aondoke kesho kabla ya jua kuwa kali. Kisha wakatugeukia: «Mwalimu, wewe unajua kuandika. Andika.»

Nasi tukaandika. Tuliandika vizuri, kwa mistari iliyonyoka, kama tulivyofundishwa na mapadri. Tukajiambia: sisi hatukunyosha mkono, tumeandika tu.

Usiku hatukupata usingizi. Mke wetu akauliza: «Baba Maria, mbona unageuka-geuka?» Tukamsimulia habari ya merikebu mbili, tangu mwanzo mpaka mwisho, gizani. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: «Wale walivuta makasia usiku kucha. Wewe unangoja nini?»

Tukaenda kumwamsha mzee wa kijiji. Alitoka na taa, hakufurahi. «Neno limekwisha kuandikwa,» akasema. «Na aliyeandika ni wewe.»

«Ndiyo, mzee,» tukamjibu. «Kwa sababu hiyo nimekuja.»

Alitutazama kwa muda mrefu. Mwishoni akakubali tugonge kengele kukipambazuka.

Watu walikuja wakinung'unika. Hatukuanza na huruma, kwani hasira haina masikio ya huruma. Tuliuliza kama Diodotus: mama huyu akiondoka, surua itabeba mzigo wake na kumfuata? Na watoto waliokufa katika kijiji cha ng'ambo, ambako hajafika, ni nani aliyewaua? Mwuguzi amesema ni surua, na ametuambia tuwapeleke watoto wadungwe sindano, wangapi wamekwenda? Tukaungama pia kosa letu, kwamba tuliandika jambo ambalo moyo wetu ulilikataa.

Hatudhani kwamba maneno yetu ndiyo yaliyowageuza. Alisimama mama mmoja kijana, ambaye mtoto wake alikuwa wa pili kufa. Jana hakuna aliyemwuliza neno. Akasema: «Usiku ule mtoto alipokuwa anazimika, ninyi nyote mlifunga milango. Aliyekaa nami ni huyu mzee. Yeye ndiye aliyemfumba macho.» Akaketi. Mikono ikanyoshwa, na waliotaka abaki walizidi kidogo tu.

Tukakimbia nyumbani kwake kumpasha habari. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Alikuwa ameondoka usiku. Tukachukua baiskeli, tukamkuta kivukoni, ameketi juu ya furushi lake, akingoja mtumbwi.

«Nani amekutuma?» akauliza.

«Kijiji, mama.»

«Kijiji kipi? Kile cha jana ao hiki cha leo?»

Hatukuwa na jibu. Tulifunga furushi lake juu ya baiskeli, tukarudi pamoja kwa miguu, polepole, kwa kuwa magoti yake yanamwuma. Alikuta kuku wake wamechukuliwa, na mpaka leo hakuna aliyewarudisha. Wako watu ambao bado hawamsalimu. Hata Mytilene haikupona yote.

Ndugu wasomaji, Wagiriki wametuachia vitu vingi: nguzo, hesabu, michezo ya kuigiza, maneno tunayoyasema hata kanisani. Wametuachia pia desturi ya kukutana, kusikilizana na kuhesabu mikono. Ni desturi nzuri. Lakini mikono mingi haigeuzi uongo kuwa kweli. Socrates alilijua jambo hilo, na mwaka 399 raia wenzake walimhukumu kunywa sumu. Watu wakiwa na hofu na matanga nyumbani, mkutano wao waweza kukosea, ikiwa Athene ao kwetu. Mwenye hekima hukosa pia. Tofauti ni kwamba yeye huamka usiku, haoni haya kusema «tumekosa», na hangoji jua lipande.

Jina la Diodotus halionekani tena katika kitabu cha Thucydides. Alisimama siku ile, akasema neno lake, akarudi katika watu. Majina ya wapiga makasia wa merikebu ya pili hakuna ayajuaye. Lakini watu wa mji mmoja waliamka kesho yake wakiwa hai kwa sababu yao.

Lile daftari la kijiji tungali tunalitunza sisi. Mzee alitaka tuing'oe karatasi ile. Tuliomba ibaki. Shauri la kwanza limepigwa mstari, na la pili limeandikwa chini yake, kwa mkono ule ule.