Mtoto angoje mwaka mmoja? Lakini atangojea wapi?

Kolwezi. Kila mwaka, kipwa kikielekea mwisho na mwezi wa tisa ukikaribia, wazazi wa Manika na Dilala wanaulizana jambo moja: mtoto huyu mdogo aanze gardiene sasa, ao angoje mwaka mwingine?

Kwa sheria ya Kongo hakuna haraka. Gardiene inapokea watoto wa miaka 3 hadi 5, na mzazi halazimishwi. Shule ya lazima ni ya msingi, kuanzia miaka 6, na tangu mwezi wa tisa wa 2019 shule za msingi za serikali ni za bure. Gardiene haikuingia katika mpango huo. Huko minervale inalipwa. Kwa familia nyingi, kungoja kunaonekana kama akiba.

Wazee wanakumbuka wakati mwingine. Zamani za Gécamines, kampuni ilikuwa na shule zake katika cité za wafanyakazi, na mtoto alisoma pasipo baba kuhesabu makuta. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, kila nyumba ilibaki na hesabu yake.

Katika nyumba moja ya kupanga upande wa Kapata, hesabu hiyo ilichukua juma nzima. Familia ilihama mtaa wake wa zamani kwa sababu ya mgodi. Mtoto ni msichana wa miaka 4. Tangu wahame, hasemi sana mbele ya wageni, na akisikia lori kubwa anashika kitenge cha mama yake. Nkambo, mama ya baba, alikuwa amefika kutoka Likasi kuwatembelea. Akasema: "Mwanangu, huyu angali wa mgongoni. Mwache kwanza akomae."

Nkambo hakusema bure. Darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Njia ya kwenda shule inapita kwenye malori, na mvua zikianza ni matope tupu. Baba alikubali haraka. Yeye ni mchimbaji. Juma moja anarudi na makuta, juma lingine anarudi na udongo tu kwenye viatu.

Mama naye alikubali. Kisha akauliza nani atabaki na mtoto. Nkambo atarudi Likasi. Mama mwenyewe anatoka alfajiri kuuza mikate sokoni. Wote wakamtazama yaya yake, msichana wa miaka 11, anayesoma darasa la tano.

"Atabaki naye asubuhi tu," baba akasema.

"Papa, masomo yenyewe ni asubuhi," mama akajibu.

Nyumba ikanyamaza. Ndipo walipoona kwamba akiba ile ingelipwa na mtoto mwingine. Shule ya yaya ni ya bure, lakini bure hiyo haimsaidii msichana aliyekaa nyumbani kulinda mdogo wake. Na kama yaya angeenda shule, mdogo angefuata watoto wa avenyu mpaka kwenye maji ambako watu wanaosha mawe. Sheria ya 2009 ya kulinda watoto inakataza kazi kama hiyo. Lakini hakuna anayemtuma mtoto wa miaka 4 kazini. Anafuata wengine, anacheza pembeni, anaokota jiwe moja, kesho anaokota mawili.

Walimwandikisha. Direkta alikubali minervale ilipwe kidogo kidogo. Baba aliweka pembeni simu aliyotaka kununua. Jirani mmoja anapeleka watoto watatu wa avenyu kwa pamoja, na mama anamlipa kwa mikate. Mwezi wa kwanza mtoto alilia kila asubuhi, na malori angali anayaogopa. Yaya yake hajakosa darasa.

Haina maana kwamba kila mtoto aanze mapema. Pale nkambo anapoishi nyumbani, mwaka wa kungoja unaweza kuwa mwaka mzuri: hadithi, nyimbo, kuhesabu maharagwe, kutumwa chumvi kwa jirani. Kwa familia zilizofika kutoka Kasai ao Haut-Lomami, mtoto anayejua Chiluba ao Kiluba tu anaweza kupata Kiswahili kwa kucheza na wenzake kabla ya kukutana na mwalimu.

Lakini mwaka huo usipite bure. Mtoto anapaswa kuandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo inahitajika hukumu ya tribinali. Familia iliyopoteza karatasi njiani ingefaa kuanza kuzitafuta sasa, ili mtoto akifika miaka 6 umri wake usikadiriwe kwa kumtazama tu kimo.

Kwa hiyo, kabla ya kusema mtoto angoje, baba na mama waketi na waulizane: asubuhi, sisi tukiwa kazini, atakuwa na nani? Na huyo atakayebaki naye, anaacha nini?