Gari Nalo Husema

Gari nalo lina ulimi. Mjomba wangu, dereva wa njia ya Iringa, hunifundisha kulisikiliza: "Bwana mdogo, likitetemeka kwenye mwendo hata hujagusa breki, kaangalie balansi ya matairi. Likitetemeka ukikanyaga breki tu, shuku diski, unene wake haulingani. Usukani ukicheza, anza mbele. Kiti kikicheza, nenda nyuma."

Fundi wa harakaharaka hufunga diski mpya juu ya kutu ya habu, nati akazikaza ovyo. Baada ya muda, mtetemo uleule! Na mteremko wa Kitonga haumsubiri mtu. Abiria wamesinzia, wameuamini mguu mmoja. Jamani, fundi na apime kwanza. Pesa hutafutwa, roho hairudi.