Mkanda Mmoja, Malipo Mawili

Haya ninayoyasimulia yalinikaa kooni kwa muda mrefu. Hata sasa, mwisho wa mwezi ukikaribia na simu ikiita kwa namba nisiyoijua, roho huniruka. Lakini nimeona niseme, maana najua yupo dada au kaka anayesoma hapa akiwa katikati ya jaribu kama langu, na pengine hajamwambia mtu.

Mimi ni mkazi wa Mwanza. Nimekulia Kirumba, na mama yangu ni wa Kayenze, kule ambako asubuhi ufuko wote huwa umetandazwa dagaa. Karate nilianza nikiwa binti mdogo, kwa mwalimu aliyefunzwa Dar es Salaam mtindo wa Goju-ryu, ule ambao Sensei Bomani, Mmarekani mweusi, aliufundisha Zanaki, huko huko Dar es Salaam, miaka ya 1970 na wanafunzi wake wakausambaza mikoani. Majirani walimwuliza baba, "Binti atajifunza ngumi za nini?" Baba akawajibu, "Za kumrudisha nyumbani salama." Nilisota miaka mingi mpaka nikafungwa mkanda mweusi.

Nikaolewa, tukajaliwa watoto wawili. Mume wangu alikuwa akifanya vibarua kwenye kiwanda cha samaki. Kazi ilipopungua alikwenda Geita kwa wachimbaji wadogo, akawa anatuma kidogo kidogo. Kituo kimoja cha mazoezi cha jamii hapa mjini kiliponihitaji nifundishe karate, niliona Mungu amefungua mlango. Watoto jioni baada ya shule, watu wazima siku mbili usiku, akina mama Jumamosi asubuhi. Nilikuja mapema, nikafungua ukumbi, nikafagia, nikatandika mikeka. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Niliambiwa nitapewa posho kila mwezi, nami nikashukuru.

Baadaye akaletwa mwalimu wa pili, mwanaume. Mkanda wake na wangu ni daraja moja. Ni kijana mpole, sina neno naye mpaka leo. Yeye alifundisha watu wazima tu, tukisaidiana.

Siku moja ya malipo karani alikuwa na haraka. Siku nyingine zote alikuwa akikunja karatasi ili uone mstari wako peke yake. Siku hiyo aliisukuma mezani jinsi ilivyo, na kalamu juu yake. Jina langu lilikuwa chini ya jina la mwenzangu. Kwangu, laki mbili. Kwake, laki nne na nusu. Kidole changu kilikuwa kwenye mstari wangu, macho yakawa kwenye mstari wake. Karani akasema, "Sensei, weka saini, watu wanasubiri." Nikaweka.

Sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nikaomba kuonana na uongozi. Nikauliza kwa adabu. Nikajibiwa kwamba mwenzangu ana familia ya kulisha. Nikasema hata mimi ninayo. Nikaambiwa, "Wewe mama, una mume." Halafu likaja lile lililoniuma zaidi: "Isitoshe, wewe unafundisha zaidi watoto na akina mama."

Nataka nikueleze kufundisha watoto maana yake nini. Mtoto akikunja ngumi kwa mara ya kwanza, huficha kidole gumba ndani. Ukimwacha hivyo, siku atakayopiga kitu kigumu atavunja kidole hicho. Kwa hiyo unapiga magoti mbele yake, unakitoa kile kidole, unakilaza juu ya vidole vingine, unamwambia abane. Unahamia kwa anayefuata. Ukimaliza mstari, wa kwanza ameshakirudisha ndani. Unaanza upya, jioni kwa jioni, mpaka mkono wenyewe uzoee. Na kata ya Gekisai, yaani ule mfululizo wa mapigo na makingo, ninayomfundisha mtoto wa darasa la tatu ndiyo hiyo hiyo anayofundishwa mwanaume wa miaka arobaini. Karate ilipoingia kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, wanaume walishindania medali katika makundi manne na wanawake katika makundi manne. Mtu asiseme wa kwetu wanawake ni mchezo mdogo.

Baada ya kile kikao mambo yakageuka. Kwanza nikaondolewa darasa la usiku. Kisha la Jumamosi. Posho ikapungua kwa kila darasa lililoondoka. Mwishoni nikaambiwa niache ufunguo wa ukumbi kwa mlinzi. "Tutakupigia." Hawakupiga.

Hapo ndipo nilipoanguka.

Kodi ilikuwa imepita tarehe. Mwenye nyumba alikuja mara mbili. Mara ya pili hakusalimia. Simu ya mume wangu ilikuwa haipatikani, huko machimboni mtandao unakuja na kuondoka. Sikuwa nimemwambia mama. Niliona aibu. Luku ikaisha. Tukawa tunakaa gizani mimi na wanangu, nawadanganya kwamba umeme umekatika mtaa mzima. Wakachungulia dirishani. Kwa jirani taa inawaka.

Usiku mmoja mdogo akashikwa na homa. Mwili moto. Akaanza kuweweseka. Nikambeba. Bodaboda akanipeleka hospitali ya Sekou Toure kwa mkopo, Mungu ambariki yule kijana. Wakampima. Malaria. Akapata dawa. Nikakaa pembeni ya kitanda.

Nikawa nimeishiwa. Machozi hayakuja. Nilijitazama mikono. Mikono inayofundisha watu kujilinda. Nikajiona si kitu. Nikawaza mabaya. Ziwa halikuwa mbali. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nikasema, "Bwana, nimeshindwa." Hayo tu. Sala ndefu sikuiweza. Mtoto akageuka, akanishika kidole, akaendelea kulala. Kukakucha.

Wewe ambaye umefika hapo, nakuomba usifanye uamuzi wowote usiku ule. Mwite mtu. Hata jirani.

Mimi Mungu alinitumia mama. Muuguzi aliniazima simu, nikampigia. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshafika na daladala, na kiroba cha unga wa muhogo na sado ya dagaa. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alisema, "Chakula kipo. Mtoto nitakaa naye mimi. Wewe nenda kadai chako." Kaka yangu akalipa kodi ya mwezi mmoja. Jumuiya yetu ikaja kusali nyumbani, na akina mama wakaacha mchele na sukari bila kusema nani kaleta nini.

Katika jumuiya ile yumo mzee mmoja aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Baada ya sala alibaki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ufunguo walikunyang'anya lini?" Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Ndipo nikajua kwamba aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Zangu zilikuwa zinakwisha.

Alinifungulia mambo ambayo ningeyajua mapema yangenipunguzia hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7 inakataza ubaguzi kazini, jinsia ikiwemo, na inamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Katiba yetu, ibara ya 23, inasema kila mtu ana haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Nchi yetu iliridhia mwaka 2002 mkataba wa kimataifa wa ujira sawa, ule wa mwaka 1951. Haya yote yalikuwepo wakati mimi nakaa gizani.

Nikamwambia, "Lakini mzee, mimi si mwajiriwa. Walisema ni wa posho." Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo, kifungu cha 61, inaangalia kazi ilivyo. Ni nani anakupangia saa? Nani anakusimamia? Je, katika miezi mitatu ya mwisho ulifanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi? Likithibitika hata moja kati ya hayo, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo.

Nikakumbuka daftari langu la mahudhurio. Katika kila darasa, nilipoandika majina ya wanafunzi niliandika pia tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Tuliketi sakafuni, mzee akisoma, mimi nikijumlisha. Saa 45 zilipitwa mbali.

Kaka alinipeleka kwenye ofisi za Tume kwa pikipiki. Mikono ilitetemeka nilipojaza Fomu Namba 1. Karani wa pale akanisubiri. Nakala nikaipeleka kituoni na kuhakikisha imesainiwa kwamba imepokelewa. Yule mwalimu mwenzangu alinipigia jioni ile. Akasema, "Dada, shauri likifika kwenye uamuzi, nitakuja kusema ninacholipwa." Alikuwa na la kupoteza, na bado alisema hivyo. Sitamsahau katika sala zangu.

Halikufika huko. Usuluhishi hupewa siku 30, nasi tulielewana ndani ya muda. Yanayosemwa mle ndani ni ya siri, kwa hiyo sitayasimulia. Niseme tu kwamba tulisaini makubaliano, nikalipwa, na mwenye nyumba akaanza tena kunisalimia. Sikupata kila nilichodai. Kwenye kazi ile pia sikurudi. Mume wangu alikuwa amesharejea toka Geita, tukapiga magoti sebuleni na watoto, tukashukuru.

Leo nafundisha kwenye ukumbi wa kukodi kwa saa, upande wa Ilemela. Wanafunzi walianza wachache, wengine ni wale watoto wangu wa zamani, walioletwa na wazazi wao. Nina walimu wawili wanaonisaidia, mwanamke na mwanaume. Wanalipwa kiwango kimoja kwa saa, na kimeandikwa kwenye daftari ambalo wote wawili wanalisoma.

Ndugu yangu unayelipwa pungufu na kuambiwa ushukuru, fanya haya. Andika saa zako kila siku, hata kama hakuna aliyekuagiza. Tunza kila karatasi na kila ujumbe wa malipo. Waambie watu wa nyumbani kwako mapema, kabla giza halijawa kubwa. Ukiondolewa, hesabu siku 30 kuanzia tarehe ile, na uende ofisi ya Tume iliyo karibu nawe zikiwa bado nyingi. Omba Mungu huku unatembea kwenda. Mimi alinisikia, na wewe atakusikia.