Kompyuta ya Usharika

Sisi tunaohudumu kwenye vyombo vya usharika hatuonekani madhabahuni wala kwaya. Mahali petu ni nyuma, kwenye meza yenye nyaya, na watu hutukumbuka sauti inapokatika. Kwa miaka kadhaa meza hiyo imekuwa na kompyuta mpakato moja, ThinkPad T430, aina iliyotoka mwaka 2012. Tuliipata ikiwa imetumika. Kwa kuandika matangazo na kuonyesha nyimbo ukutani haikutusumbua. Ilishindwa tulipoanza kurusha ibada kwa ajili ya wagonjwa na wazee wasioweza kufika. Picha ilikwama, sauti ikatangulia midomo, na bibi yetu mmoja aliye kitandani alituambia kwa upole kwamba kila Jumapili mchungaji humpotea katikati ya mahubiri.

RAM tulikuwa tumekwisha kuiongeza hadi GB 8, na diski ya zamani tumeiondoa tukaweka SSD. Kwa kompyuta nyingi za zamani hayo ndiyo matengenezo ya kwanza, na mara nyingi yanatosha. Kwetu hayakutosha, kwa sababu kurusha video moja kwa moja kunaitaka prosesa ibane kila picha papo hapo, na prosesa yetu, Intel Core i5-3320M, ina viini viwili tu. Wakati wa ibada vyote viwili vilikuwa vikifanya kazi asilimia 100, na feni inalia kama pikipiki mlimani.

Tukapeleka ombi kwa wazee wa kanisa: tununue prosesa iliyotumika, kubwa kuliko hii. Tulitarajia kuulizwa bei. Tukaulizwa habari ya imani. Kwa zaidi ya mwaka jumuiya zetu zilikuwa zikiomba kompyuta mpya, na mzee mmoja akauliza, tena kwa dhati kabisa, kama kutengeneza ya zamani si kumwambia Mungu kwamba tumechoka kungoja. Hakuna aliyecheka. Swali hilo tunalijua. Tumewaona ndugu zetu wakiliuliza mbele ya mlango wa hospitali.

Mama aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao akaweka kalamu chini. “Wazee wangu, samahani. Mimi nimo kwenye maombi hayo tangu siku ya kwanza. Tuliomba walio vitandani wasikie neno. Kompyuta mpya tuliiongeza sisi, baadaye.”

Kikao kilinyamaza kidogo. Kisha mzee yuleyule akasema, “Basi nendeni mkatengeneze.”

T430 ni ya wakati ambao prosesa nyingi za kompyuta mpakato zilichomekwa kwenye soketi. Kuanzia kizazi cha tano cha Intel Core zote zililehemewa moja kwa moja kwenye mazabodi, na hata kabla ya hapo zile nyembamba zilikuwa hivyo. Kwa hiyo mwenye nia kama yetu aulize kwanza ya kwake ni ipi, kabla hajatoa hata shilingi.

Kariakoo tulionyeshwa mbili, zote za viini vinne na zote zinaingia kwenye soketi yetu: i7-3720QM ya GHz 2.6 na i7-3632QM ya GHz 2.2. Vijana wetu waliitaka ya kwanza, na nani asingeitaka? Lakini hiyo imepimiwa wati 45. Ile tuliyokuwa nayo ni ya wati 35, na bomba la shaba na feni vilivyomo ndani ya mashine yetu viliwekwa kwa joto hilo. Ya pili nayo ni wati 35. Tukaichukua hiyo ya polepole. Ibada yetu ina saa mbili na zaidi, na mashine inayokimbia vizuri dakika kumi kisha ikachemka haitufai.

Kabla ya kufungua tuliweka toleo jipya la BIOS, ile programu inayoiamsha mashine. Tukatoa betri, kibodi, sehemu ya kuwekea viganja, kisha feni. Soketi ina skrubu moja. Ukiizungusha nusu mzunguko, prosesa inaachia yenyewe bila kuvutwa. Ile mpya ina pini 988, nyembamba kuliko sindano, na alama ya pembetatu kwenye kona moja ya kukuelekeza. Unailaza tu, ikigoma, haijakaa, na usiisukume. Tulipangusa pesti kavu ya zamani, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mchele, tukafunga.

Prosesa haikuiponya kila kitu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za umri huu hazimo katika zinazokubaliwa na Windows 11. Tumeweka Linux Mint, na wanaoonyesha nyimbo wamelalamika wiki mbili.

Bibi alipiga simu Jumapili ile ile jioni. Alisema mahubiri yalikuwa marefu.

Maombi ya kompyuta mpya yanaendelea katika jumuiya mbili, nasi tunahudhuria.