Feni Haitengenezi Baridi

Watu wengi hudhani ya kuwa feni iliyomo ndani ya kompyuta ya mezani hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kuondoa joto, kama hamali aondoavyo mzigo; naye hamali hawezi kuutua mzigo mahali palipokwisha kujaa.

Joto hilo latoka katika prosesa, ndiyo kama ubongo wa mashine. Karibu umeme wote uingiao humo hugeuka joto. Prosesa ya Intel 80386, iliyotoka mwaka 1985, kwa kawaida haikuhitaji feni yake. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilitoa joto la wati 15 hivi. Siku hizi wati 65 ni jambo la kawaida, na ziko zipitazo 200, nazo zatoka mahali padogo kama stempu chache za barua.

Basi juu ya prosesa huwekwa kipande cha shaba, na kati yao hupakwa pesti, kwa sababu madini mawili yakigusana huacha vijishimo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto vema. Toka hapo hupanda mirija ya shaba. Mirija hiyo yatustaajabisha sana. Ndani mna maji kidogo, na hewa imetolewa, hata maji huchemka upesi kwa joto dogo. Mvuke hukimbilia upande wa juu, hupoa, hurudi kuwa maji, na maji hurejea kwa kupita katika kitu kama utambi, mfano wa mafuta katika taa. George Grover na wenzake wa Los Alamos, Marekani, waliuonyesha mrija wa namna hii mwaka 1963. Mwisho joto hufika katika mabati membamba kama mapezi ya samaki, na feni hupeperusha.

Sasa, wasomaji, fanyeni hesabu. Ikiwa prosesa katika kazi nzito huzidi hewa iizungukayo kwa digrii 50, penye hewa ya digrii 22 itafika 72. Hapa kwetu pwani, mchana, ndani ya kasha lililozibwa, hewa yaweza kufika 45. Hapo prosesa ina 95. Nyingi zikikaribia 100 hujipunguzia mwendo zenyewe, na joto likizidi mashine huzimika.

Ndivyo ilivyokuwa kompyuta ya shule yetu, itunzayo alama za wanafunzi. Asubuhi njema, saa nane mchana yazimika. Fundi mmoja alisema imekufa, sharti wazazi wachange fedha za kununua mpya. Na mwaka ule mvua ilikuwa haba, wazazi hawana kitu.

Tulichomoa umeme, tukafungua. Kati ya mapezi vumbi limeshikana kama sufi ya mto, na pesti imekauka kama chaki. Tulisafisha kwa brashi, huku tumezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, tukafuta pesti ya kale kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kisha tukalisogeza kasha mbali na ukuta, maana mgongo wake, pale hewa ya moto itokapo, ulikuwa umeuegemea.

Wengine hutushauri tununue mtambo wa kupoza kwa maji. Lakini hata maji hayo mwishowe hupozwa kwa feni, tena yana pampu iwezayo kufa. Sisi twaona upepo watutosha. Pesti tuliinunua kwa fedha za chaki, na wazazi hawakuchangishwa.