Mwaka mmoja tu?

Tuzo za Oscar za 2023 wengi walizisubiri kwa sababu ya kofi. Mwaka uliotangulia Will Smith alimzaba Chris Rock jukwaani, na safari hii mshereheshaji, Jimmy Kimmel, hakuacha kulitania. Lakini sisi hapa Nyarugusu tulibaki na jambo lingine. Ke Huy Quan, mzaliwa wa Vietnam, alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi bora, akasema wazi kwamba safari yake ilianza kwenye boti, kisha akakaa mwaka mmoja kambi ya wakimbizi. Yaani hakuficha!

Vijana wakashangilia. Halafu mmoja akauliza, "Mwaka mmoja tu?" Kimya. Kambi yetu ipo tangu 1996, na wengi wao wamezaliwa humu humu.

Quan alisema tuziamini ndoto. Sawa. Ila hata yeye, aliyeng'ara utotoni kwenye Indiana Jones ya 1984, alikaa miaka mingi bila kupewa nafasi ya maana. Kipaji kilikuwepo; wa kumwita ndiye hakuwepo. Kwa hiyo tukifanya mazoezi ya maigizo, siwaambii vijana waote ndoto tu. Natafuta pia nani atakuja kuwatazama.